Kuvua kwa kayaki Matema: anza na upepo, kisha leseni

Anayetaka kuvua kwa kayaki Matema apange siku yake kuanzia saa ya kurudi. Saa ya kutoka inafuata baadaye. Ziwa Nyasa ni refu na jembamba, karibu kilomita 580 kutoka kaskazini hadi kusini, na Matema iko kwenye ncha yake ya kaskazini kabisa. Upepo wa kusini ukishika, mawimbi yanapata nguvu njia nzima hadi kuja kumalizikia kwenye mchanga wa Matema. Hakuna kisiwa kinachoyavunja kabla hayajakufikia.

Kinachowaponza wageni ni asubuhi. Usiku hewa ya juu ya Milima ya Livingstone inapoa, inakuwa nzito na kuteremka kuelekea majini. Alfajiri upepo huo bado unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na kwa kuwa mlima unaukinga ufukwe, maji ya karibu yametulia tuli. Ukipiga kasia mita mia kadhaa kutoka ufukweni unakuwa umetoka kwenye kinga, na upepo uleule unakusukuma nje taratibu bila wewe kuhisi. Jua likipanda, nchi inapata joto na upepo unageuka, unatoka ziwani kuja pwani. Kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi mabadiliko hayo yanaonekana kwa macho: kwanza mistari myeusi juu ya maji kwa mbali, halafu vilele vya mawimbi vinaanza kutoa povu jeupe. Povu hilo likionekana upande wa kusini, funga mshipi, geuza chombo. Usimalizie chambo kilichobaki.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: majini saa 12 na nusu asubuhi, kukishapambazuka vizuri, na nchi kavu saa 4. Mei hadi Agosti upepo wa kusi unaweza kuvuma siku tatu au nne mfululizo; siku hizo hakuna safari, hata kama umeendesha gari kutoka Iringa. Novemba hadi Aprili upepo unapungua lakini radi za alasiri zinaanza, na mvua za Kyela, ambazo zinazidi milimita 2000 kwa mwaka, zinajaza mito na kuleta magogo ziwani. Gogo lililolowa linaelea likiwa limezama karibu lote, na ukiwa umekaa chini kwenye kayaki hulioni mpaka umeligonga. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ninayompendekezea mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa maziwa yetu makubwa, Nyasa likiwemo. Usome jioni, kisha asubuhi uwaulize wavuvi waliotoka kuvua usipa, dagaa wa ziwa hili, usiku. Wakikuambia leo siyo, basi leo siyo.

Karatasi kabla ya ndoano

Wengi wanaamini kwamba anayevua kwa kujifurahisha hahitaji kibali. Anahitaji. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, pamoja na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, inataka anayevua awe na leseni na chombo kinachotumika kuvulia kiwe kimesajiliwa na kupewa leseni yake. Kayaki yenye mshipi ndani imekuwa chombo cha kuvulia. Matema iko Wilaya ya Kyela, kwa hiyo anayekuhusu ni afisa uvuvi wa halmashauri pale Kyela mjini. Mweleze wazi kwamba unavua kwa ndoano, kwa kayaki, kwa mapumziko, na kwamba samaki hutauza. Ukisema "nakuja kuvua tu" utaandikiwa kitu kisichofanana na unachokwenda kufanya, na tatizo litakukuta mwaloni, pale vyombo vya uvuvi vinapotua. Ukiuza hata kilo mbili umeingia kwenye biashara ya samaki, ambayo ina leseni nyingine.

Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, na stakabadhi itembee na wewe: picha kwenye simu, karatasi yenyewe kwenye mfuko usiopitisha maji. Hapa ndipo mipango ya wikiendi inapovunjika. Ofisi zinafungwa Ijumaa saa 9 na nusu alasiri, na anayetoka Mbeya mchana wa Ijumaa anafika mlango umefungwa. Maliza suala la leseni siku moja kabla, au piga simu halmashauri mapema wiki hiyo.

Ukifika Matema, kabla ya kushusha chombo, nenda mwaloni ukaonane na viongozi wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia rasilimali za uvuvi kwa mujibu wa sheria hiyohiyo. Wasalimie wazee kwa shikamoo, jitambulishe, onyesha leseni, sema unaelekea upande gani na unarudi saa ngapi. Heshima ni sehemu yake, lakini kuna faida nyingine kubwa: hao ndio watakaotoka na mtumbwi kukutafuta usiporudi. Uliza pia nyavu zimetegwa wapi. Nyavu za usiku huvutwa alfajiri, muda uleule unaotoka wewe, na maboya yake mara nyingi ni chupa za plastiki au vipande vya malapa ya zamani vinavyoonekana kama takataka. Ukipita juu ya kamba na usukani au pezi la chini la kayaki, unanasa, na ukianza kukata umekata mtaji wa mtu. Mstari wa chupa zinazofuatana kwa nafasi sawa ni wavu. Zunguka kwa mbali.

Yaliyokatazwa hayana mjadala: baruti, sumu, umeme, makokoro. Chandarua cha mbu kuvulia dagaa wa chambo kingoni nacho kiache. Kinakomba vifaranga wote. Na kando ya maji kumbuka mita 60, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda dhidi ya shughuli za kudumu. Hema la usiku mmoja siyo nyumba, lakini kufyeka matete ili upate nafasi ya hema ni uharibifu, na wanakijiji wana haki ya kukufukuza.

Upande gani uende

Nenda mashariki. Kutoka ufukwe wa Matema unafuata mwamba hadi Lyulilo, kijiji chenye soko la vyungu vya Wakisi siku ya Jumamosi, na mbele yake Ikombe, wanakofinyanga vyungu hivyo. Mlima unashuka moja kwa moja ndani ya maji, na maji ni maangavu kiasi cha kuona mawe chini yako. Uzuri huo una sharti lake: kwenye sehemu kubwa ya mwamba huwezi kutua. Mawimbi yakianza, yanagonga jiwe na kurudi, yanakutana na yanayokuja, na maji yanapanda na kushuka bila mpangilio. Kwa hiyo wakati wa kwenda, angalia kila ufukwe mdogo wa mchanga unaoupita na uuweke akilini pamoja na alama yake, mti au jiwe. Kaa mita 20 hadi 30 kutoka mwambani: karibu zaidi unarushwa kwenye jiwe, mbali zaidi unatoka kwenye kinga ya mlima.

Magharibi usiende. Huko kuna mdomo wa Mto Lufilyo, wenye mamba na viboko, na hali ni ileile kwenye midomo mingine ya mito ya Kyela. Kiboko hutoka majini jioni jua likizama, akala majani usiku, akarudi majini alfajiri. Ukiwa kati yake na maji saa hiyo, wewe ndiye kizuizi. Kayaki ni fupi na nyepesi, haiwezi kustahimili pigo la kiboko wala mkia wa mamba. Maji ya mdomo wa mto yana tope, huoni kilicho chini.

Kuna sababu ya pili ya kuiacha midomo ya mito, hasa mvua zikianza. Mbasa, yule samaki mrefu wa rangi ya fedha anayependwa sana Kyela, huacha ziwa na kupanda mito kwenda kutaga. Anapokusanyika pale mdomoni ndipo anapovuliwa kirahisi, na ndiyo sababu amepungua. Kumvua pale, wakati ule, ni kumuua kabla hajataga. Ningefurahi kuona kila BMU ya Kyela ikisimamia hili kwa nguvu zote.

Chombo na vilivyomo

Chagua kayaki ya kukalia juu, ile yenye matundu ya kutoa maji yanayopita hadi chini. Ya kuingia ndani inajaa maji ikipinduka, na huwezi kuimwaga ziwani bila msaada. Urefu wa mita 3 hadi 4 na upana wa sentimita 75 hadi 85 unatosha kwa kuvulia; nyembamba zaidi inakimbia vizuri lakini itakusumbua ukigeuka kutoa samaki. Kasia liwe la sentimita 230 au 240, na lifungwe kwa kamba fupi. Kasia likikuponyoka na upepo wa nchi kavu ukiwa unavuma, halitakusubiri.

Jaketi okozi livaliwe, mkanda wa chini ukiwa umekazwa. Lijaribu hivi: mwenzako ashike mabega ya jaketi na kulivuta juu, likifika masikioni ni kubwa au limelegea, na majini litatoka kichwani. Mfukoni mwake weka filimbi na kisu kidogo butu mbele, kwa sababu mshipi wa nailoni na kamba ya kasia vikikuzunguka mguu ukiwa majini, hakuna njia ya haraka ya kujinasua zaidi ya kukata. Simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, uliofungwa mwilini badala ya chomboni. Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini chini ya mwamba mtandao unapotea, kwa hiyo filimbi na mtu aliyebaki ufukweni akijua saa yako ya kurudi ndivyo vya kutegemea. Maji ya kunywa lita mbili. Chakula kiwe kwenye hotpoti au chombo chenye mfuniko wa kukaza. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na upepo wa Matema unaipeleka majini.

Nanga inahitaji maelezo zaidi, maana ndiyo inayopindua watu. Ya kilo moja na nusu inatosha, kamba iwe mara tatu ya kina. Ifunge mbele au nyuma ya chombo tu, kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Ukiifunga ubavuni, wimbi likipita kayaki inataka kupanda, nanga inaushikilia ubavu chini, na maji yanaingia upande huo: umekwisha. Upande wa mwamba usiitumie kabisa. Kina kinashuka ghafla hata kamba ya mita 50 isifike chini, na ikifika inanasa kati ya mawe.

Kuvua kwenyewe

Kuna njia mbili zinazofaa kwa kayaki hapa. Ya kwanza ni kuburuta. Mshipi wa nailoni wa milimita 0.35 au 0.40, mwishoni kijiko kidogo cha chuma kinachong'aa, urefu wa kidole, chenye ndoano moja badala ya ile ya pembe tatu. Achia mita 20 nyuma, piga kasia polepole sambamba na mwamba. Unawalenga samaki wembamba wenye meno wanaofukuza usipa. Ukiona minandi wanazamia mahali pamoja, usipa wapo, na wanaowala wapo chini yao. Pita kando ya kundi, usilikatize katikati, vinginevyo linazama na kazi imeisha.

Ya pili ni mshipi wa mkono penye mchanga na mawe yaliyochanganyika, kina cha mita 5 hadi 15: kipande cha risasi cha gramu 20 chini, ndoano namba 6 au 8 sentimita 30 juu yake, chambo minyoo au donge la ugali lililokandwa na unga wa usipa. Kambale anataka ndoano kubwa zaidi na kipande cha samaki. Mshipi uzungushe kwenye kibao, kamwe usiuzungushe kiganjani, na kila ukimaliza kuvuta uweke kwenye ndoo ndogo. Mshipi uliomwagika miguuni ndio unaomfunga mtu chombo kikipinduka.

Bana kinundu cha ndoano, kile kijimwiba karibu na ncha yake, kwa koleo kabla ya kutoka. Utapoteza samaki mmoja mmoja, lakini wale unaotaka kuwarudisha utawatoa kwa sekunde tano. Na wapo wa kurudisha. Perege wa ziwa hili, na karibu jamaa zao wote wa miambani, hulea mayai mdomoni. Ukimtoa jike majini na koo lake la chini limevimba kama kifuko, mtazame kwa karibu: mdomo ukifunguka kidogo utaona mayai ya rangi ya njano yamejipanga ndani, au macho madogo meusi ya vifaranga. Akishtuka anayatema yote, na wewe umeua kizazi kizima kwa ajili ya kitoweo cha mtu mmoja. Mwache majini wakati unatoa ndoano, lowesha mikono kwanza, usimshike kwenye matamvua, mwachie akiwa ameelekea chini.

Wale wadogo wa rangi ya buluu na njano wanaokula ukoga wa mawe waache kabisa. Ziwa Nyasa lina aina za samaki nyingi kuliko ziwa lolote duniani, na wengi wa hawa wanaishi kwenye kipande kimoja cha mwamba tu. Mchanga wa mita mia chache unatosha kuwatenganisha na jirani zao. Kuwakusanya wakiwa hai kwa ajili ya kuwauza kama mapambo ni jambo lenye vibali vyake. Ukiona mtu anafanya hivyo bila kueleweka, waambie BMU.

Kupinduka kufanyiwe mazoezi

Usitoke Matema kama hujawahi kupanda kayaki ukiwa majini. Ziwa Masoko, lile la kreta lililo njiani ukitoka Tukuyu kuelekea Ipinda, ni dogo, lina upana wa mita mia saba hivi, na kuta zake zinakata upepo. Omba ruhusa kijijini, vaa jaketi, jipindue makusudi karibu na ukingo ukiwa na mwenzako.

Chombo kikiwa kimegeuka tumbo juu, nenda katikati, pitisha mikono juu yake hadi ushike ukingo wa upande wa pili, jivute na kuegemea nyuma, kitageuka. Sasa kaa pembeni katikati, mikono juu ya kiti, na hapa ndipo wengi wanapokwama: miguu inaning'inia chini ya chombo, wanajivuta kwa mikono, kayaki inawafunika tena. Inyooshe miguu nyuma yako hadi iwe karibu na uso wa maji, piga mateke kama unaogelea, kisha jisukume kifua kipite juu ya kiti hadi tumbo lilale katikati. Pumzika. Geuka ukae makalio kwanza, miguu iingie mwisho. Ukishindwa mara tatu mfululizo utakuwa umechoka, kwa hiyo fanya mazoezi mpaka unapanda kwa jaribio la kwanza ukiwa na nguo zote za safari. Kasia na kayaki vikitengana, shika kayaki. Ndiyo inayoonekana kwa mbali.

Kichocho kipo Nyasa. Epuka kusimama kwenye ghuba tulivu zenye matete na konokono, jifute kwa taulo kavu mara tu unapotoka majini, na wiki sita hadi nane baadaye kapime kwenye zahanati. Dawa yake, prazikwanteli, inapatikana na inatibu.

Kwa watakaouliza kuhusu sehemu nyingine: Mtera ina perege na kambale wa kutosha, lakini ina mamba na viboko wengi mno kwa kayaki, kule chukua boti ya mwenyeji mwenye leseni. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hakuna kuvua, na ardhi oevu ya Usangu iliingizwa kwenye hifadhi hiyo mwaka 2008 na mipaka imeguswa tena baadaye, hivyo usitupe mshipi huko bila kuuliza ofisi ya hifadhi. Mto Kiwira unapita kwenye Daraja la Mungu na Kijungu. Ukienda utaona mwenyewe kwa nini chombo hakipiti.

Jambo la mwisho linawahusu wenye kayaki za kujaza upepo. Mbeya mjini ni karibu mita 1700 juu ya usawa wa bahari na ziwa ni chini ya mita 500. Ukijaza Mbeya, ukifika Matema imelegea na itapinda katikati mawimbini. Ukijaza Matema hadi ikakaza na kuifunga juu ya gari hivyohivyo, barabara inafika zaidi ya mita 2000 juu ya usawa wa bahari kabla ya Mbeya, hewa ya nje inapungua, na mkazo wa ndani unaweza kukaribia mara mbili. Mishono inaachia hapo, mara nyingi bila mlio, na utagundua siku ya safari inayofuata. Jazia ziwani, punguza hewa kidogo jua likiwa kali ukiwa umetua, na kabla ya kuanza kupanda Tukuyu fungua vali zote, ikunje ikiwa kavu.